Jina Lisilotafutika

Kuna ushauri wa kizamani ambao waandishi wa programu wengi wakiusikia mara ya kwanza hucheka: kihesabio cha lupu (sehemu ya programu inayojirudia) usikiite `i`, kiite `ii`. Hauna falsafa yoyote ndani yake. Fungua faili lenye mistari elfu moja, kiambie kihariri (programu unayoandikia) kikutafutie herufi `i`, nacho kitakusimamisha kwenye kila `if`, kila `print`, kila `while`. Tafuta `ii`, unafika ulikokuwa unakwenda. Ni wazi waliotoa ushauri huo hawakuwa wakiandika maoni ya Kiswahili, yale maelezo ya kumsaidia msomaji, ndani ya msimbo. Kwetu `ii` nayo ni balaa: inanasa kila "hii", kila "jamii" na "bidii" na "kiini", pamoja na ile "sehemu hii USIGUSE" iliyoandikwa na mtu mwenye hasira usiku wa manane.

Mimi situmii `ii`. Lupu ya mistari minne haitafutwi, unaiona yote kwa kuitupia jicho. Isitoshe, vihariri vya siku hizi vinajua neno linaanzia wapi na linaishia wapi. Kwenye kihariri cha Vim, weka kishale juu ya `i`, bonyeza `*`, utarushwa hadi kwenye `i` nyingine iliyosimama peke yake, bila kugusa `if`. Ukitaka na zile zilizojificha ndani ya maneno mengine, bonyeza `g*`. Kwenye dirisha la amri kazi hiyo hiyo hufanywa na `grep -w`; `grep` ni programu ya kutafuta maandishi ndani ya mafaili. Kwa hiyo sababu ya `ii` imekufa kwa sehemu kubwa. Hofu iliyouzaa ushauri wenyewe, hiyo bado naiheshimu.

Jina la kigeu, yaani la kitu kinachoshika thamani ndani ya programu, lina wasomaji wa aina mbili. Yupo aliyefika kwenye mstari wenyewe, anausoma, anataka kuelewa. Na yupo aliye mbali, hajui limo kwenye faili gani, anachojua ni kwamba mahali fulani mfumo unakokotoa faini ya mkopo uliochelewa na leo umekosea. Mafunzo ya programu humhubiria sana yule wa kwanza: andika majina yanayojieleza, yasomeke kama sentensi. Huyu wa pili hutajwa kwa nadra, na ndiye ninayeishi naye, kwa sababu kazi yangu kubwa ni kutunza mifumo iliyoandikwa na watu waliokwisha kuondoka. Kwenye kazi ya namna hiyo kutafuta ndiyo kusoma. Hakuna anayekaa kitako na kusoma mistari laki moja kuanzia juu hadi chini.

Majina mafupi hayakuanza kwa uvivu, tuwatendee haki wazee. FORTRAN, lugha ya programu ya IBM iliyotoka 1957, iliruhusu jina lisilozidi herufi 6, na lililoanza na herufi yoyote kati ya I na N lilihesabiwa moja kwa moja kuwa la namba kamili. Ndiyo maana hadi leo lupu zinaitwa `i`, `j`, `k` na watu ambao hawajawahi kuiona FORTRAN hata kwa picha. Lugha ya C nayo, hata ilipowekewa kiwango rasmi 1989, iliahidi kutofautisha herufi 6 za mwanzo tu kwa majina yanayoonekana nje ya faili. Hapo ndipo ladha ya majina ya amri zake kama `strcpy` na `malloc` inapoanza kueleweka. Hebu fikiria kama tungekuwa na `malipo_ya_mwezi` na `malipo_ya_mwaka`: neno "malipo" lina herufi 6 kamili, kwa hiyo mfumo uliozingatia kima hicho cha chini ungekuwa na haki ya kuyaona majina hayo mawili kuwa kitu kimoja. Kiwango cha 1999 kilipandisha idadi hiyo hadi 31. Ken Thompson, mmoja wa waliounda mfumo endeshi wa Unix, aliwahi kuulizwa angebadilisha nini kama angeianza upya, akajibu kwamba angeiandika `creat`, amri ya kuunda faili, ikiwa na `e` yake mwishoni.

Huyo huyo Thompson ndiye aliyetupa chombo cha kutafutia. Alikuwa na kihariri chake `ed`, ambacho ndani yake amri `g/re/p` ilimaanisha pitia mistari yote, inayolingana na ruwaza hii ichapishe. Mwenzake pale kwenye maabara ya Bell Labs, Lee McMahon, alikuwa akichunguza makala za The Federalist, zile 85 zilizochapishwa Marekani kati ya 1787 na 1788 kwa jina la bandia, ili kujua ipi iliandikwa na Alexander Hamilton na ipi na James Madison. Maandishi yote yalikuwa makubwa mno kuingia ndani ya `ed` kwenye kompyuta ya wakati ule. Thompson akakichomoa kipande cha kutafuta, akakifanya programu inayojitegemea, na kufikia 1973 `grep` ilikuwa ndani ya Unix.

Hadithi hiyo naipenda kwa sababu ya walichokuwa wanakitafuta. Miaka kadhaa kabla, 1964, wanatakwimu Frederick Mosteller na David Wallace walikuwa wameonyesha kwamba waandishi wale wanatofautishwa na maneno madogo madogo ya mazoea: Hamilton akiandika "while", Madison anaandika "whilst", Hamilton anaitumia "upon" kwa wingi, Madison kwa kubana. Mambo makubwa waliyojadili hayakuwatofautisha. Mazoea yaliwatofautisha.

Sasa fungua mfumo wowote ulioandikwa na watu watatu. Ninao mmoja wa chama cha akiba na mikopo. Ndani yake kiasi chote anachodaiwa mwanachama kinaitwa `jumla` kwenye mafaili fulani, `total` kwenye mengine, na `ttl` kwenye yale ambayo nashuku yaliandikwa chini ya shinikizo. Sijawahi kukutana na waandishi hao, lakini mkono wa kila mmoja naujua. Wa `ttl` huacha pia `amt`, `bal`, `mbr`. Wa `jumla` huanza na Kiswahili akachoka katikati: `jumlaYaLoan`. Hakuna hata jina moja kati ya hayo lililo baya ukilisoma pale lilipo. Ubaya unaonekana pale unapotaka kujua ni wapi kwote deni linakoguswa, na `grep` inakuletea theluthi ya jibu kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Hiyo ndiyo hatari. Kutafuta kunakorudi mikono mitupu hukushtua, ukatafuta kwa njia nyingine. Kutafuta kunakorudi na nusu ya ukweli hukutuliza.

Ndiyo maana kati ya jina zuri linaloandikwa namna tatu na jina baya linaloandikwa namna moja kila mahali, mimi huchagua baya. `amt` ya kila mahali ni bora kuliko `kiasi`, `kiasi_cha_fedha` na `amount` zinazopokezana zamu.

Kuna pia majina ambayo si mafupi na bado hayatafutiki: `data`, `status`, `type`, `result`, na ndugu zao wa Kiswahili `taarifa`, `hali`, `aina`, `jibu`. Ukitafuta `data` kwenye mradi wa wavuti utazama. Jina likipatikana mara elfu nne ni sawa na lisilopatikana. `hali` peke yake haina maana. `Hali_ya_mkopo` ina maana, na zaidi ya hapo ina anwani.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu sisi tunaoandika majina kwa Kiswahili tuna shida ambayo wenzetu wa Kiingereza hawaifahamu. Umoja na wingi wao hutofautiana mkiani: `loan`, `loans`. Ukitafuta `loan` vyote viwili vinakuja, na ukianza kuandika `loa` kihariri kinakukamilishia vyote viwili vikiwa jirani. Wetu hubadilika kichwani. Tafuta `mkopo`, `mikopo` haiji. Anza na `mk`, `mikopo` iko kwingine kabisa kwenye orodha. `mteja` na `wateja` vivyo hivyo, `kituo` na `vituo` vivyo hivyo. Ngeli inayoifanya lugha itiririke ndiyo inayokatiza utafutaji.

Unaweza kupambana nayo kwa ruwaza. `grep -rnE 'mi?kopo' .` inaleta umoja na wingi, maana `i?` ni `i` inayoweza kuwepo au kutokuwepo. `teja` inaleta `mteja` na `wateja`. Mengine yana bahati ya kuzaliwa: `jina` limo ndani ya `majina`, na `wanachama` imo nzima nzima ndani ya `mwanachama`, hivyo ukitafuta wingi unapata na umoja bila jasho. Lakini usiende mbali sana na mzizi. Niliwahi kutafuta `lip` nikitaka `amelipa`, `imelipwa`, `malipo` na `hajalipa` kwa mpigo, zikaja zote, zikaja na `clip`, `flip`, na kila `ellipsis` iliyokuwemo kwenye mafaili ya mitindo ya kurasa.

Halafu kuna maneno yasiyobadilika kabisa. Riba ni riba, hisa ni hisa, iwe moja au mia. Kwenye lugha ya Python mtu anaandika hivi, na masikio yake hayaoni tatizo:

```
for hisa in hisa:
    jumla += hisa.thamani
```

Na inafanya kazi! Lupu inaishika orodha kabla jina halijabadilishwa, jumla inatoka sahihi. Shida inaanza mistari ishirini chini, pale mtu anapoiomba `hisa` akidhani bado ni orodha, kumbe imebaki hisa ya mwisho peke yake. Uitafute `hisa` utakavyo, hakuna kitakachokuambia ipi ni ipi.

Suluhisho langu ni la kishenzi kidogo. Mzizi wa umoja naubakiza mwanzoni daima, wingi nauweka mkiani: `mkopo` na `mkopo_orodha`, `hisa` na `hisa_orodha`, `mteja_idadi`, `mteja_wapya`. Ndiyo, `mteja_wapya`. Mwalimu wangu wa Kiswahili angeishika kalamu nyekundu mpaka wino uishe. Lakini ukiandika `mteja` kihariri kinakuletea familia nzima, na `grep mteja` haimwachi mtu nje. Sarufi naitunza kwenye ujumbe anaousoma mtumiaji, kwenye maoni, na kwenye barua pepe. Wapo wanaosema basi afadhali kuandika majina yote kwa Kiingereza, na kwenye mradi wa watu wa nchi nyingi nakubaliana nao. Kwenye mfumo ambao kila anayeutumia anasema "rejesho" na "mdhamini", kutafsiri kila dhana ili kuifurahisha kompyuta ni kumwongezea kazi yule atakayetafuta kesho.

Kwa sababu anayetafuta mara nyingi haanzi na jina la kigeu. Anaanza na picha ya skrini iliyotumwa WhatsApp. Juu yake imeandikwa: "Salio halitoshi kwa mkopo huu." Mhasibu ana haraka, wanachama wamepanga foleni. Unachofanya ni kuchukua maneno hayo na kuyatafuta jinsi yalivyo: `grep -rn "Salio halitoshi" .` Yakiwa yameandikwa mfululizo, ndani ya sekunde uko kwenye mstari wenyewe. Lakini aliyetangulia alikuwa mbunifu:

```
ujumbe = "Salio " + hali_maneno[h] + " kwa " + aina + " huu."
```

Hakuna kitu. Sentensi haipo popote kwenye msimbo, inazaliwa hewani. Utaanza kutafuta "halitoshi", utaikuta kwenye orodha ya maneno iliyo faili la tatu, utauliza nani anaitumia orodha hiyo, na mhasibu atakuwa amepiga simu tena. Watengenezaji wa kiini cha mfumo endeshi wa Linux wana kanuni juu ya hili hili. Mwongozo wao wa uandishi unataka mistari isirefuke, safu 80, yaani herufi 80 kwa mstari, ndicho kipimo wanachokipendelea, lakini unakataza kabisa kuvunja ujumbe unaoonekana kwa mtumiaji, na sababu iliyotajwa ni kwamba ukiuvunja `grep` haitaupata. Watu wanaobishania kila nafasi tupu wamekubali mstari mbaya kwa ajili ya mtu anayetafuta.

Dada yake ujumbe wa kuungaunga ni jina la kuungaunga. `getattr(self, "kokotoa_" + aina)` ni mstari mmoja mzuri wa Python unaoliunga jina la fanksheni (kipande cha msimbo chenye jina lake) programu ikiwa inakimbia, na kuokoa `if` kumi. Tatizo ni kwamba `kokotoa_riba_ya_adhabu` sasa haiitwi na mtu yeyote, kwa macho ya utafutaji. Ipo pale ilipotengenezwa tu. Nimeona mtu makini, si mzembe, akiitafuta, akapata tokeo moja, akahitimisha kwamba ni msimbo mfu, akaufuta. Programu iligoma mwisho wa mwezi, siku ambayo adhabu za waliochelewa zilitakiwa kukokotolewa. Dawa yake ni rahisi hadi inatia aibu: juu ya mstari ule andika maoni yenye majina yote kamili, `kokotoa_riba_ya_kawaida`, `kokotoa_riba_ya_adhabu`, na kadhalika. Kompyuta haiyajali. `grep` inayajali.

Na kuna mpaka wa tabaka, pale jina linapovuka kutoka sehemu moja ya mfumo kwenda nyingine. Kwenye hifadhidata safu inaitwa `tarehe_ya_malipo`, ikivuka kwenda kwenye JavaScript inakuwa `tareheYaMalipo`, ikifika kwenye HTML ni `tarehe-ya-malipo`. Kila tabaka lina desturi yake na sina nguvu ya kuzibadilisha. Naomba tu maneno yawe yale yale kwa mpangilio ule ule, ili hii ifanye kazi:

```
grep -rniE 'tarehe[_-]?ya[_-]?malipo' .
```

Mtu akiona jina refu akalifupisha kuwa `trhMalipo` upande mmoja, daraja limekatika. Angalia pia kwamba `-w` ina tabia zake: kistari cha chini inakihesabu kuwa sehemu ya neno, kistari cha kawaida haikihesabu. Kwa hiyo `grep -w malipo` haitakuletea `tarehe_ya_malipo`, ila `tarehe-ya-malipo` italeta.

Najua jibu la vijana: hayo yote ni mambo ya kale, kihariri chenyewe kinaelewa lugha, kinakuonyesha kila mahali kigeu kinapotumika. Kweli, na nakitumia. Tangu Microsoft itoe itifaki ya seva za lugha, njia ya kukipa kihariri chochote ujuzi huo, mwaka 2016, hata Vim inaweza kujua kwamba `hisa` hii na `hisa` ile ni vitu viwili. Lakini ujuzi huo unaishia kwenye ukingo wa lugha moja. Haumfuati `tarehe_ya_malipo` hadi ndani ya SQL (lugha ya hifadhidata) iliyoandikwa kama maandishi, haingii kwenye kiolezo cha barua, haijui faili la mipangilio, na haisomi logi, ile rekodi ya matukio ya mfumo. Pia unahitaji mashine yenye nguvu; laptop ya RAM ya GB 4 ikipewa mradi mkubwa itavuma kama feni ya saluni kabla haijakuonyesha chochote. Na kihariri cha VS Code chenyewe, ukibonyeza kutafuta kwenye mradi mzima, nyuma ya pazia kinaiita programu ya kutafuta `ripgrep` ya Andrew Gallant, iliyotoka 2016 hiyo hiyo. Kwa hiyo hata asiyewahi kufungua dirisha la amri anatafuta maandishi kama sisi. Uzuri wa `ripgrep` ni kwamba inaheshimu `.gitignore`, orodha ya mafaili ya kurukwa, hivyo haikuzamishi kwenye `node_modules`, folda la msimbo wa kuazima. Ukibaki na `grep` tupu, zoea `git grep`, inapitia tu mafaili ambayo git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo, inayafuatilia.

Kwenye seva ya mteja, kwa intaneti inayokatikakatika, hakuna hata hicho. Kuna `grep` na kuna kihariri cha `vi`. Bill Joy aliiandika `vi` 1976 kule Berkeley, na ile `/` ya kutafutia ilirithiwa kutoka `ed`. Mpaka leo unaikuta kwenye `less` na kurasa za `man`. Ukikuta Vim, mrithi wa `vi`, umebahatika. Ukiifungua bila faili, mara nyingi ukurasa wa kwanza unakuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda, na wengi wetu tumeupita ukurasa huo tukidhani ni mapambo. Andika `:help uganda`. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim 1991, alijitolea kufanya kazi 1994 huko Kibaale, mji mdogo wa kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, wakati UKIMWI umeacha yatima wengi eneo la Rakai. Akarudi kwao akaanzisha mfuko wa kukisaidia kituo cha watoto cha pale, na leseni ya programu yake ikaomba wanaoipenda wauchangie. Alifariki Agosti 2023. Kila ninapobonyeza `*` kwenye seva ya watu, nakuwa natumia kazi ya mtu aliyekaa ng'ambo ya pili ya mpaka wetu.

Kilichobaki ni desturi mbili tatu za kila siku. Kabla sijakipa kitu kipya jina, kigeu au fanksheni, nalitafuta kwanza kwenye mradi mzima. Lisipotokea kabisa, ni langu. Likitokea mara tatu kwa maana ile ile, natumia lilelile hata kama silipendi. Likitokea kwa maana nyingine, nalikimbia. Kigeu cha ndani ya fanksheni fupi nakiacha kifupi, `m` ya mkopo hainisumbui ikiwa maisha yake ni mistari mitano. Kinachovuka faili kinapata jina kamili. Na `l` ndogo, `O` na `I` kubwa sizitumii peke yake popote, mwongozo wa PEP 8 wa Python nao unazikataza, kwa sababu kwenye fonti nyingine huwezi kuzitofautisha na 1 na 0.

Kubadilisha jina nafanya kwa kusita, kwa sababu kuna utafutaji mwingine unaosahauliwa: wa wakati uliopita. `git log -S riba_ya_adhabu` inakuonyesha kila badiliko lililoliingiza jina hilo au kuliondoa, hata kama leo halipo tena kwenye msimbo. Ukibadilisha jina, uzi huo unakatikia hapo. Kwa hiyo kwenye ujumbe wa badiliko naandika yote mawili kwa ukamilifu, la zamani na jipya, ili `git log --grep` ikamate lolote mtu atakaloanza nalo. Jina la zamani likiwa `ra`, hilo ndilo tumaini pekee lililobaki, maana `-S ra` itakurudishia kila `range`, kila `raise` na kila "hasara" iliyowahi kuandikwa humo.